Dawa za mapigo ya moyo na vidonge vya majira: maswali yanayorudi kila wiki dirishani

Mi nakaa dirisha la dawa, kwa hiyo maswali haya sijayatunga kichwani, ni yale yale yanayorudi kila wiki, mengine yananong'onwa maana nyuma kuna foleni na mtu hataki wifi yake asikie. Nimeanza na ya kawaida, yale ya mtu mmoja mmoja yako chini. Majina ya dawa nimeyaacha kama yanavyoandikwa kwenye boksi ili ulinganishe na la kwako. Na usiache dawa yoyote kwa sababu ya nilichoandika hapa, beba maboksi yako yote nenda nayo kwa daktari muongee.

## Tuanze na mwanzo

Dawa ya moyo inaweza kufanya majira yasifanye kazi nikashika mimba?

Hili ndo swali namba moja, na jibu huwa linawashangaza watu: kwa dawa nyingi za mapigo, hapana. Propranolol, atenolol, bisoprolol, metoprolol, sotalol, verapamil, digoxin, flecainide, hata amiodarone yenyewe inayoogopwa, hazipunguzi nguvu ya majira.

Zinazopunguza ni zile zinazolichangamsha ini mpaka linazisaga homoni haraka kuliko kawaida, kidonge umemeza vizuri lakini kinachobaki kwenye damu ni kidogo. Humo kuna rifampicin ya TB, dawa za kifafa kama carbamazepine, phenytoin na phenobarbital, efavirenz kwenye ARV za zamani, na bosentan ambayo wanapewa baadhi ya wenye presha ya mishipa ya mapafu. Ukiona moja ya hizo kwenye mfuko wako basi ruka moja kwa moja mpaka swali la TB huko chini.

Kwa hiyo nameza tu vyote, sina haja ya kumwambia mtu?

Hapana, taratibu kwanza. Watu wanaulizia dawa na dawa zikigombana, ila kwa wagonjwa wengi wa moyo ugomvi uko kati ya estrojeni, homoni iliyomo kwenye baadhi ya majira, na moyo wenyewe. Yaani dawa yako ya mapigo haina shida na majira, lakini ule ugonjwa uliokufanya upewe hiyo dawa ndo unaweza kuwa hautaki estrojeni kabisa. Kliniki ya moyo hawakuulizi unapanga uzazi kwa njia gani, kliniki ya uzazi wa mpango wanakupima presha na uzito wanakupa pakiti tatu unaondoka, na kati ya hizo kliniki mbili anayejua yote ni wewe peke yako.

Nitajuaje majira yangu yana estrojeni?

Geuza boksi usome yaliyomo. Ukikuta ethinylestradiol hiyo ndo estrojeni, kwa hiyo ni vidonge vya mchanganyiko, estrojeni na homoni ya pili, projestini, pamoja. Microgynon na Familia ziko kundi hili. Ukikuta levonorgestrel peke yake, kwa mfano Microlut, hivyo ni vya projestini tupu, wanavyopewa sana wanaonyonyesha.

Vile saba vya kahawia mwishoni mwa pakiti sio homoni, ni madini ya chuma, vinakusaidia usipoteze hesabu ya siku. Kuna sehemu moja tu vinaleta shida, nimeiweka kwenye swali la dawa ya tezi.

Mi dawa yangu nilipewa kwenye bahasha ya kaki, sijui hata inaitwaje.

Rudi ulipopewa uandikiwe jina na miligramu, ni haki yako. "Kidonge cha rangi ya pinki cha moyo" hakinisaidii mimi wala daktari, maana kampuni mbili zinatengeneza dawa moja kwa rangi tofauti.

## Moyo wako na estrojeni

Nina tatizo la valvu (milango ya ndani ya moyo), na kwenye faili wameandika AF. Majira gani yananifaa?

Vidonge vya mchanganyiko hapana. Hapa sizungushi maneno.

AF ni pale chumba cha juu cha moyo kinapotetemeka badala ya kubana, damu inatuama humo, na damu ikituama inaganda. Donge likichomoka linaenda popote, likienda kichwani ndo kiharusi. Huku kwetu wanawake wengi wanaoipata wakiwa bado vijana ni wale ambao koo liliwauma utotoni, ikaja homa ya baridi yabisi, ikaharibu valvu, na miaka ikipita valvu ikiwa nyembamba chumba cha juu kinatanuka na mapigo yanaanza kwenda hovyo. Sasa estrojeni nayo inaongeza damu kuganda, kwa hiyo unamwaga petroli pale pale penye cheche. Mwongozo wa WHO unaweka njia za uzazi wa mpango kwenye madaraja manne, la 1 tumia bila wasiwasi, la 4 usiguse, na ugonjwa wa valvu ulioshaleta madhara, ikiwemo hatari ya AF, upo daraja la 4 kwa vidonge vya mchanganyiko. Waingereza kwenye mwongozo wao AF yenyewe tu, hata bila valvu, wameiweka daraja la 4.

Zinazobaki ni nyingi lakini, usikate tamaa: vidonge vya projestini tupu, vijiti, sindano, kitanzi. Nimezilinganisha mbele kwenye sehemu ya njia zingine.

Moyo wangu unaanza kwenda mbio ghafla kama nimekimbizwa, baada ya dakika kumi unatulia. Eko (kile kipimo cha picha ya moyo) wamesema moyo mzima, wamenipa propranolol.

Hiyo mara nyingi ni shoti ndogo kwenye nyaya za moyo, valvu nzima, misuli mizima, damu haituami. Kwa wewe majira ya mchanganyiko kwa kawaida hayakatazwi kwa sababu ya mapigo peke yake. Yatakatazwa kwa sababu zile zinazomkataza mtu yeyote: presha iliyopanda, kipandauso kinachoanza na kuona vimulimuli, kuwahi kuganda damu mguuni au kwenye mapafu, kuvuta sigara ukiwa na miaka 35 na kuendelea.

Hiyo damu kuganda ni hatari kiasi gani hasa, maana shoga zangu wote wanameza na wako poa?

Kwa wanawake 10,000 wasiomeza kitu, karibu 2 kwa mwaka wanaganda damu kwenye mishipa. Wakimeza mchanganyiko wenye levonorgestrel wanakuwa kama 5 mpaka 7, na wenye drospirenone kama 9 mpaka 12. Kwa hiyo ni kweli shoga zako wako poa, na mimba yenyewe inagandisha damu kuliko majira. Ila hesabu hiyo ni ya wanawake wenye afya. Ukiwa na AF au valvu ya chuma wewe huanzii kwenye 2.

Majira yanapandisha presha kweli?

Kwa baadhi ya watu ndio, yale ya mchanganyiko. Pima kabla hujaanza, rudia baada ya miezi mitatu. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi ongea na kliniki wakubadilishie njia, ikifika 160 kwa 100 hayo ya mchanganyiko hayatakiwi kabisa. Na kama unameza atenolol au bisoprolol kwa ajili ya presha pia, unakuta kidonge kimoja kinashusha kingine kinapandisha, mtu anaongezewa dozi kila kliniki na hakuna aliyeuliza kuhusu majira.

## Dawa moja moja

Propranolol na metoprolol je?

Estrojeni inaweza kufanya hizi mbili zibaki nyingi kidogo kwenye damu. Wengi hawasikii kitu. Ukianza majira halafu ukawa unapata kizunguzungu ukisimama, umechoka vibaya, au ukihesabu mapigo yako yako chini ya 50, rudi waangalie dozi.

Ila usijaribu kuacha propranolol wiki moja "uone kama ni majira". Ukiziacha ghafla dawa za familia hii moyo unarudi kwa hasira, mbio zaidi ya mwanzo.

Natumia amiodarone, daktari amesema nisishike mimba kabisa. Kwa nini?

Kwa sababu kidonge kimoja cha 200 mg kina kama 75 mg za madini ya joto, na mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku, piga hesabu, ni mara 500. Tezi ya shingo yako inaweza kuvurugika kwa mzigo huo, na ya mtoto tumboni vile vile. Pia inapita kwenye maziwa ya mama.

Alafu ni dawa ya kung'ang'ania. Inajificha kwenye mafuta ya mwili, na kupungua nusu tu inaweza kuchukua mwezi na zaidi, kwa wengine miezi. Kwa hiyo ukiambiwa leo acha amiodarone, usiache na uzazi wa mpango kesho yake. Endelea miezi kadhaa, daktari wa moyo ndo atakwambia mingapi.

Majira hayaiharibu amiodarone na amiodarone haiyaharibu majira. Kinachoamua aina ni ugonjwa wako, na wengi wanaomeza amiodarone wana AF, kwa hiyo rudi kwenye jibu la AF huko juu.

Sotalol na yale majira ya kisasa yanayosifiwa kuondoa chunusi, vipi?

Hapa pana jambo la kweli. Hayo majira mengi, Yasmin na Yaz kwa mfano, yana projestini inaitwa drospirenone. Sotalol kwa upande wake inarefusha kitu kwenye ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, kinachoitwa QT, ni ule muda moyo unaojichaji baada ya pigo moja kabla ya lingine. QT ikirefuka sana moyo unaweza kuingia kwenye mapigo ya ovyo yanayomwangusha mtu ghafla, na wanawake wako kwenye hatari kuliko wanaume. Mwaka 2018 ulitoka utafiti wa Ufaransa, wanawake wazima wasio na ugonjwa walipewa sotalol 80 mg mara moja, wakapimwa ECG, na wale waliokuwa kwenye drospirenone QT yao ilirefuka zaidi kuliko wasiomeza majira. Walio kwenye levonorgestrel haikuwa hivyo.

Mi nikiona sotalol na Yasmin kwenye mkoba mmoja napiga simu kwa aliyeandika kabla sijatoa. Chunusi zina dawa zingine.

Nina digoxin, Lasix na Aldactone. Kuna shida?

Shida yenu nyie ni madini ya potasiamu. Lasix inaikojoa nje, na potasiamu ikishuka digoxin inageuka sumu kirahisi. Aldactone inaizuia isitoke. Daktari anakuwa amezipanga kama mizani, sasa ukija na majira ya drospirenone unaongeza jiwe upande mmoja bila kumwambia, maana drospirenone 3 mg inazuia potasiamu kama Aldactone ya 25 mg hivi. Ikizidi sana moyo unaweza kusimama.

Levonorgestrel haina tabia hiyo. Na Aldactone yenyewe inavuruga hedhi kwa baadhi ya wanawake, kwa hiyo ukiona siku zinapishana usikimbilie kulaumu vijiti.

Nipo kwenye warfarin, nina valvu ya chuma. Wengine wananiambia warfarin inalainisha damu, kwa hiyo estrojeni inafaa maana zinakatana.

Nimelisikia hili mara nyingi na naelewa kwa nini linaonekana lina akili, ila sio hivyo. Warfarin inakulinda ikiwa INR yako, kile kipimo cha damu inavyochelewa kuganda, iko kwenye kiwango ulichopangiwa, na kila anayeitumia anajua INR inavyoyumba, wiki hii matembele mengi imeshuka, wiki ijayo umemeza Flagyl imepaa. Huwezi kuweka estrojeni juu ya kitu kinachoyumba. Valvu ya chuma inabaki daraja la 4 kwa mchanganyiko.

Projestini inaruhusiwa, lakini ukianza au ukibadilisha homoni yoyote pima INR mapema, usisubiri tarehe yako ya mwezi ujao.

Na kwako wewe uzazi wa mpango sio hiari ya pembeni. Warfarin kwenye wiki ya 6 mpaka ya 12 ya mimba inaweza kuharibu pua na mifupa ya mtoto, na wanawake wengi wiki ya 6 ndo kwanza wanajiuliza mbona sijaona siku zangu.

Penadur ninayochomwa kila mwezi inapunguza nguvu ya majira?

Hapana. Penadur ni penisilini, na penisilini haina shida na majira. Ile hadithi ya "antibiotiki zote zinaua majira" ni ya zamani, inayoua kweli ni familia ya rifampicin. Endelea na Penadur yako usikose hata mwezi.

Nimewekewa betri ya moyo.

Betri haina shida na homoni yoyote. Kinachoangaliwa ni kwa nini uliwekewa.

## Dalili zinazowachanganya watu

Tangu nianze majira moyo unadunda sana, hasa usiku. Majira yananiletea ugonjwa wa mapigo?

Kabla sijajibu nauliza: unakunywa nini? Dada mmoja aliniapia hanywi kahawa, kweli hanywi, ila chai ya rangi vikombe vinne kwa siku na enaji drinki moja saa kumi jioni akiwa kazini. Majira ya mchanganyiko yanapunguza kasi ya ini kuitoa kafeini mwilini. Kwa mtu wa kawaida nusu inatoka ndani ya masaa matano au sita, kwa anayemeza majira inaweza kuwa masaa kumi na zaidi. Kwa hiyo enaji ya saa kumi jioni ikifika saa nne usiku zaidi ya nusu bado unayo. Alipoacha ile enaji akalala.

Sio kila kitu ni kafeini lakini. Damu pungufu inafanya moyo udunde, tezi iliyozidi inafanya, miraa inafanya. Moyo ukidunda na kizunguzungu, au ukazimia, kifua kikabana, pumzi ikakata ghafla, mguu mmoja ukavimba na kuuma, mdomo ukapinda au maneno yakawa hayatoki, hiyo ni ya kwenda hospitali saa hiyo hiyo. Usije dirishani kwangu.

Nimetoka mabaka usoni, nina majira na amiodarone.

Wote wawili wanashukiwa. Homoni zinaleta mabaka ya kahawia mashavuni na kwenye paji, na amiodarone inafanya ngozi ichomwe na jua haraka, ukikaa nayo miaka inaweza hata kugeuka rangi ya kijivu. Vaa kofia au mtandio mpana, paka losheni ya kuzuia jua. Usiweke mkorogo juu yake, ngozi hiyo imeshachoka.

Nikitapika baada ya kumeza?

Ukitapika ndani ya kama masaa mawili meza kidonge kingine cha majira kutoka pakiti ya akiba. Dawa ya moyo usirudie kwa kubahatisha, hasa digoxin. Na kama uko kwenye digoxin, kutapika na kukosa hamu ya kula na kuona vitu vina rangi ya njano inaweza kuwa ndo digoxin yenyewe imezidi, rudi wakupime.

Kuharisha siku mbili tatu nako kunashusha potasiamu, wenye sotalol na digoxin msikae nalo nyumbani.

Nimesahau majira siku moja, nifanyeje?

Kimoja: meza ukikumbuka, endelea kama kawaida. Viwili au zaidi mfululizo: meza cha karibuni, endelea, na kondomu siku 7. Hii ni ya mchanganyiko. Microlut ni kali zaidi, ukichelewa masaa matatu tu tayari umechelewa.

## P2, sindano, vijiti, kitanzi

Naweza kumeza P2 nikiwa na dawa za moyo?

Ndio, hata wenye AF na valvu. P2, kidonge cha dharura baada ya kukutana bila kinga, ni levonorgestrel tupu, haina estrojeni, ya mara moja. Meza mapema, inafanya vizuri ndani ya masaa 72, kila saa linalopita nguvu inapungua. Mwenye warfarin pima INR ndani ya siku chache, inaweza kupanda.

Ila kama unakuja kwangu kuchukua P2 mara tatu kwa mwezi, tuongee, kuna njia za bei rahisi na za uhakika zaidi.

Sasa kwa mwenye moyo mbovu njia gani ni bora?

Inategemea, na mi nina upendeleo wangu: vijiti. Havina estrojeni, havisahauliki, vinakaa miaka mitatu mpaka mitano kutegemea aina. Tatizo lake ni damu kutoka toka bila mpangilio, na kwa mwenye warfarin hilo linakera kweli.

Sindano ya miezi mitatu inakausha hedhi kwa wengi, kwa hiyo wenye warfarin wanaopoteza damu nyingi wanaipenda. Lakini inachomwa kwenye msuli, kwa hiyo INR ikiwa juu unaweza kuvilia damu, mwambie nesi akandamize kwa muda mrefu. Ile ya chini ya ngozi, Sayana Press, ina nafuu hapo. Mwenye mishipa ya moyo iliyoziba hii sindano sio chaguo lake.

Kitanzi cha kopa hakina homoni kabisa, hakigombani na dawa yoyote duniani, ila kinaongeza damu ya hedhi. Mwenye warfarin na damu pungufu afikirie mara mbili. Kile cha homoni kinapunguza damu, tatizo bei na kupatikana.

Nina QT ndefu ya kuzaliwa. Nimeambiwa kitanzi niwekewe hospitali kubwa, kwani wananionea?

Hawakuonei. Wakati wa kuweka, mlango wa kizazi ukiguswa mwili unaweza kushtuka, mapigo yakashuka ghafla, na kwa QT ndefu mshtuko huo sio wa kuchezea. Ukishawekewa salama basi, kukaa nacho hakuna tatizo. Vijiti vinawekwa mkononi, havina habari hiyo.

## Za pembeni

Nimeanza dozi ya TB na nina dawa za moyo na majira.

Hii ndo hali mbaya kuliko zote kwenye ukurasa huu. Rifampicin inapunguza majira, inapunguza vijiti, inapunguza warfarin, inapunguza verapamil na propranolol, yaani inasafisha nyumba nzima. Mwambie daktari wa TB kuhusu dawa za moyo, na wa moyo kuhusu TB, wiki ile ile unayoanza. Kwa mimba tumia kitanzi cha kopa au sindano, au kondomu bila kukosa, kwa miezi yote sita na wiki nne baada ya kumaliza maana ini linachukua muda kutulia. Ukihitaji dharura katikati, P2 ya kawaida haitoshi, kitanzi cha kopa ndani ya siku tano ndo cha uhakika.

Nikiugua malaria nikameza mseto?

Mseto nao unaweza kurefusha QT. Mwenye sotalol, amiodarone au QT ndefu asijinunulie dukani, aseme kwanza. Pia maelezo yake yanasema inaweza kupunguza nguvu ya njia za homoni, kwa hiyo weka kondomu. Azithromycin, erythromycin na fluconazole ya fangasi ni hivyo hivyo kwa QT, na fluconazole inapaisha INR.

Balungi?

Wenye amiodarone na verapamil acheni balungi na juisi yake, linazuia dawa isitoke mwilini. Chungwa kula.

Ramadhani nahamishaje saa?

Dawa za moyo panga na daktari kabla mwezi haujaandama, kuna zinazobadilishwa kuwa za mara moja kwa siku, na kuna watu wenye valvu na Lasix ambao hawatakiwi kufunga kabisa. Majira hamishia futari. Ya mchanganyiko hayana ugomvi. Microlut ndo uwe macho: ukiitoa saa nne usiku ukaileta futari saa 12 na nusu jioni umewahi, sawa. Ila siku ya Idi ukiirudisha saa nne kwa mkupuo umechelewa masaa matatu na nusu, umevuka mpaka. Irudishe kidogo kidogo, saa moja moja kila siku.

Amiodarone imeniharibu tezi, nimepewa levothyroxine.

Estrojeni inaongeza protini zinazobeba homoni ya tezi kwenye damu, kwa hiyo dozi inaweza kuhitaji kuongezwa na kipimo cha homoni hiyo, T4 ya jumla, kitasomeka juu kwa uongo. Waambie wapime TSH na T4 huru. Na vile vya kahawia nilivyotaja mwanzo, madini ya chuma yanaishika levothyroxine tumboni isiingie, ziachanishe masaa manne.

Mume hajui kama natumia majira, naficha na dawa za moyo. Nimwambie daktari wa moyo?

Mwambie. Kama mume anaingia na wewe chumba cha daktari, mnong'oneze nesi wakati wa kupima presha kwamba unataka dakika moja peke yako, wanaelewa kuliko unavyodhani.

Lakini hilo la kuficha kwenye bahasha ya dawa za moyo naomba uache leo. Kuna mama alinimwagia bahasha yake kaunta nimhesabie, digoxin nyeupe ndogo na majira meupe madogo vimechanganyikana, alikuwa anachukua vyeupe viwili kila usiku kwa kupapasa gizani ili taa isimwamshe mzee. Maana yake kuna usiku amemeza digoxin mbili, na kuna usiku majira mawili na moyo haukupata kitu. Nilivitenganisha kimoja kimoja kwa kusoma chapa chini ya taa, jasho linanitoka, nikampeleka akapimwe ECG. Faili lake lilikuwa na valvu, kwa hiyo hata hayo majira hayakuwa yake. Mwezi uliofuata alirudi na vijiti ndani ya mkono, bahasha ina digoxin peke yake.